Uwanja wa nyumba Mtwara na Lindi: badala ya nyasi, uweke nini?

Mtu akishapaua, akishapiga plasta na kumlipa fundi wa geti, macho yanageukia uwanja. Fundi bustani akiitwa, neno lake la kwanza ni nyasi: ukoka au nyasi za Pemba, vipande vipangwe, vimwagiliwe, na baada ya miezi michache uwanja uwe kijani kama wa hoteli. Naandika kwa ajili ya mtu huyo kabla hajatoa hela. Huku Kusini uwanja una mtihani wake, nao ni miezi ya Juni hadi Novemba.

Mvua yetu ni ya msimu mmoja. Huanza mwishoni mwa Novemba au ndani ya Desemba, hukolea Januari hadi Machi, na ikifika katikati ya Mei imekwisha. Wenzetu wa Tanga na Dar es Salaam wana vuli na masika. Sisi ikikatika imekatika. Pwani ya Mtwara na Lindi hupata karibu milimita 1,000 kwa mwaka, kiasi kizuri tu, lakini karibu zote huangukia nusu moja ya mwaka. Nusu ya pili kusi huvuma, jua huwaka, na mchanga hauwezi kushika maji hata siku tatu. Kwa hiyo chochote unachotaka kuweka uwanjani kipime kwa Septemba. Februari hata kando ya barabara kuu pana kijani.

Hesabu ya maji kwanza

Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyasi zinazotakiwa zibaki kijani wakati wa kiangazi zinahitaji kama milimita 25 kwa wiki. Chukua uwanja wa mita 10 kwa 10, ambao si mkubwa: ni lita 2,500 kila wiki, yaani madumu 125 ya lita 20. Kuanzia Juni hadi mwisho wa Oktoba ni wiki 22, jumla lita 55,000. Kwenye bili ni uniti 55. Anayenunua maji ya boza au ya mkokoteni apige hesabu ya kwake mwenyewe.

Hesabu hii siwezi kuipita haraka. Kwenye uwanda wa juu wa Makonde, Newala na Tandahimba, akina mama wamebeba ndoo kwa vizazi, kwa sababu watu wanaishi juu na maji yako bondeni. Maji yaliyosukumwa kwa pampu na kutiwa dawa ili yanywewe, kuyamwaga juu ya majani ya kutazama tu, kunaniuma. Watu wapendezeshe nyumba zao, ni haki yao na ni furaha ya macho kwa mtaa mzima. Ila zipo njia za kupendezesha ambazo hazidai mpira wa maji kila jioni, na nyingine tumezikuta kwa bibi zetu.

Kama roho bado iko kwenye nyasi

Basi chagua ukoka, tena eneo dogo. Nyasi za Pemba zina jani pana na laini, zinavumilia kivuli na hewa ya chumvi, na hazikatwi mara kwa mara. Kwenye picha zinashinda. Lakini zikikosa maji miezi mitatu zinakufa kwa mabaka, na baka lililokufa halirudi lenyewe, unanunua vipande upya. Ukoka una jani jembamba, unahimili jua kali na miguu ya watoto wanaocheza mpira, na kiangazi hugeuka kahawia bila kufa. Vikonyo vyake viko chini ya ardhi vinasubiri. Mvua ya kwanza ya Desemba ikinyesha, ndani ya wiki mbili umechipua.

Ukoka haupendi kivuli, na haujui mpaka. Utaingia kwenye tuta la mchicha, utaingia kwa jirani. Uwekee ukingo wa tofali zilizozikwa, na ukubali moyoni kwamba kuanzia Julai uwanja utakuwa kahawia. Mtu asiyeweza kukubali hilo asiweke nyasi kabisa, kwa sababu ndiye atakayeshika mpira wa maji.

Mchanga uliofagiwa, au kokoto

Uwanja wa mchanga unaofagiwa asubuhi kwa fagio la chelewa ni wa kwetu toka zamani. Ukipita mitaa ya Mikindani au vijiji vya barabara ya Msimbati utaona ulivyo msafi, mistari ya fagio ikiwa bado haijakanyagwa. Kuna watu wanaona huo ni uwanja wa umaskini, wa mtu ambaye hajafikia kuweka nyasi. Nawapinga kabisa. Ni uwanja uliobuniwa na watu walioijua hali ya hewa hii: hauombi maji, nyoka anaonekana kabla hajafika mlangoni, moto wa jaani haupati pa kushika, na mvua inazama hapo hapo ilipoangukia. Halafu una kazi. Ndipo makopa ya muhogo yanapotandikiwa turubai, ndipo korosho zinapoanikwa Oktoba na Novemba kabla ya kupelekwa ghalani, ndipo viti vya msiba na maturubai ya harusi yanaposimama. Simika turubai la harusi juu ya nyasi za Pemba uone zitakuwaje baada ya siku tatu.

Una taabu zake pia. Kusi likivuma vumbi linaingia ndani. Mchanga mweupe unarudisha mwanga wa jua usoni, kwa hiyo bila mti uwanja huo saa saba mchana haukaliki. Ufagio nao, mwaka baada ya mwaka, huondoa udongo, na baada ya miaka utaona mizizi ya mwembe imetokeza na msingi wa nyumba umeanza kuonekana. Dawa yake ni kurudishia mchanga kila baada ya misimu kadhaa, na kufagia juu juu badala ya kuparua. Kuhusu afya: mchanga mkavu wenye vumbi, hasa pale kuku na mbwa wanapolala, ni makazi ya funza, na choo cha paka na mbwa kina minyoo inayoingia kwenye nyayo za mtoto anayetembea peku. Nyunyiza maji kidogo kabla ya kufagia, banda la kuku likae mbali na anapochezea mtoto, na choo cha wanyama kiondolewe siku hiyo hiyo.

Na mchanga wenyewe usichotwe ufukweni. Una chumvi inayoua mimea, halafu kila tipa linalotoka ufukweni linampa bahari nafasi ya kusogea. Tafuta wa kuchimbwa bara. Vivyo hivyo mawe ya matumbawe ya kupamba kingo za maua: yaliyovunjwa baharini yaache. Ghuba yetu ya Mikindani imeumizwa vya kutosha na uchimbaji wa matumbawe ya kuchoma chokaa, na kila mvuvi anajua samaki wanazaliana wapi.

Kokoto, sasa. Zinapendeza, hazifuki vumbi, hazifagiwi kila siku, na maji yanapita katikati yake yakazama. Mahali pake pazuri kuliko pote ni chini ya ukingo wa paa. Nyumba isiyo na gata, maji ya mvua huchimba mfereji kuzunguka msingi na kurusha matope ukutani. Utepe wa kokoto wenye upana wa nusu mita hadi mita moja unamaliza tatizo hilo moja kwa moja. Ila uwanja mzima wa kokoto siupendekezi hata kidogo. Zinashika joto la mchana na kulitoa usiku, mtoto hawezi kukimbia juu yake, mwenye fimbo ya kutembelea anateleza, na magugu yanaota katikati baada ya msimu wa pili, tena kuyang'oa humo ni kazi kuliko kuyalima mchangani. Watu wanatandika nailoni chini ili kuzuia magugu. Nailoni hiyo inazuia na mvua, na baada ya miaka michache imechanika vipande vipande vinavyopeperuka uwanjani kote.

Kwa hiyo kati ya hivi viwili: mchanga kwa sehemu ya kukaa na kufanyia kazi, kokoto kwa utepe wa paa na njia ya kupita kutoka getini. Havishindani.

Mimea ya kutambaa

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo mafundi wengi wa bustani hawafiki, pengine kwa sababu nyingi kati ya hizi hazinunuliwi kwa mita ya mraba.

Anza na matembele. Marando ya viazi vitamu yakipandwa nafasi ya sentimita 30 mwanzoni mwa mvua, hufunika ardhi ndani ya miezi miwili, yanazuia magugu, yanapoza uwanja, na jioni yanaingia chunguni na nazi. Kuna aina za majani ya zambarau na za majani yaliyochanika kama nyota, na zikichanganywa hazina aibu mbele ya ua lolote la kununua. Kiangazi yanasinyaa. Yanahitaji maji, lakini machache, na maji ya kuoshea mboga na vyombo yanatosha kwa tuta la mita mbili kwa tano. Maji yenye dawa ya kung'arishia nguo usimwage hapo. Adui wake mkubwa ni mbuzi, na mitaa yetu mbuzi hawafungwi. Bila uzio, matembele ni chakula cha mbuzi wa watu.

Kunde, karanga na njugu mawe ni mazulia ya msimu. Unapanda mvua zikishika, uwanja unakuwa kijani Januari hadi Aprili, unavuna, kisha unabaki na mchanga wako wa kufagia hadi mvua nyingine. Njugu mawe ndiyo naipenda zaidi katika hizi tatu: inakaa chini, inapenda kichanga, inavumilia mvua zikichelewa, na wakati wa kupanda, kupalilia na kuvuna kila mzee wa Masasi au Nachingwea atakwambia bila kitabu. Zote tatu zinarudishia ardhi naitrojeni, kwa hiyo mchanga ule unaboreka mwaka hadi mwaka. Kwa karanga, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele, hapo hapo Mtwara, ndicho kilichotoa mbegu zenye majina ya kwetu, kama Naliendele 2009, Mangaka 2009 na Mnanje 2009. Na tukitaja karanga, mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walifungua mashamba makubwa ya karanga Nachingwea, wakaleta matrekta, wakajenga bandari ya Mtwara na reli ya kuzisafirishia, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Mvua na udongo havikuulizwa. Wakulima wa jembe la mkono walioviuliza wanavuna karanga hadi leo.

Kuna ndugu wa karanga asiyeliwa, anayeuzwa kwenye vitalu vya maua: karanga pinto, kwa jina la kitaalamu Arachis pintoi, asili yake Brazili. Ana maua ya njano, anatambaa chini, anaweza kukanyagwa kiasi, hahitaji kukatwa zaidi ya mara chache kwa mwaka. Mitandaoni anasifiwa kuwa ndiye mrithi wa nyasi. Kwa Bukoba nakubali. Kwa Mtwara juani, sikubali: kiangazi cha miezi mitano au sita kinampukutisha majani, na ingawa mizizi huweza kurudi na mvua, utakaa na uwanja wa vijiti muda mrefu. Chini ya kivuli cha mwembe, karibu na bomba la uani, hapo anafaa kweli.

Matembele dhidi ya karanga pinto, basi: mwenye uzio na familia ya kulisha achukue matembele. Mwenye mti mkubwa unaoziba jua, pale ambapo matembele yanarefuka bila majani ya maana, achukue karanga pinto.

Kwa nyumba za ufukweni, Shangani, Msimbati, Mikindani, Lindi mjini upande wa bahari, hadithi ni nyingine. Upepo wa chumvi unachoma majani ya vitu vingi. Hapo mlakasa hauna mpinzani. Ndio ule unaotambaa mchangani juu ya mstari wa maji, jani limepasuka katikati kama kwato, ua la zambarau linalofunguka asubuhi. Unashika mchanga usiende na upepo, haumwagiliwi, haukatwi, hauombi mbolea. Unaotesha kwa vipingili vyenye vifundo, wakati wa mvua. Chukua vipingili vichache tu, usiung'oe ufukweni, kwa sababu pale ulipo una kazi ya kuulinda ufukwe huo huo uliokuvutia kujenga. Kasoro yake ni kwamba haukanyagiki. Ni wa kutazama na wa kushikilia ardhi, kwa hiyo uachie njia ya miguu.

Pale ambapo ardhi ni mwamba wa matumbawe wenye udongo wa kiganja kimoja tu, usihangaike na kufunika. Panda shubiri, mkonge pori na bogenvilia kwenye nyufa zenye udongo, na mwamba uachwe uonekane. Mwamba ule ni mzuri. Watu wanalipa kuuvunja kisha wanalipa kuleta udongo wa kuufunika.

Kitu kimoja nakukataza waziwazi: ule mmea wa kutambaa wenye maua ya njano kama alizeti ndogo na jani linalong'aa, unaoitwa wedelia. Fundi ataupendekeza kwa sababu unakua haraka na haufi. Hilo ndilo tatizo lake. Umo kwenye orodha ya dunia ya spishi 100 vamizi mbaya kuliko zote, na ukishavuka uzio ukaingia kwenye bonde au kijito, hautoki. Mwingine wa kuepuka ni lantana, kwa sababu hiyo hiyo.

Na mimea yoyote minene isifike ukutani. Acha ukanda wa mita moja kuzunguka nyumba ukiwa mtupu, wa mchanga au kokoto, ili nyoka na nge wasipate njia ya maficho hadi mlangoni.

Plastiki na pevingi

Nyasi za plastiki nitazisema kwa ufupi. Hazinywi maji, ni kweli. Lakini juani joto lake hupita nyuzi 60, kiasi cha kuunguza nyayo, na huku kwetu jua ni la mwaka mzima. Jua hilo hilo linazikausha, zinaanza kumeguka nyuzi nyuzi zinazoingia mchangani na kuishia baharini. Nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019 haina sababu ya kutandika plastiki uwanja mzima. Kama umezipenda sana, weka barazani chini ya paa, basi.

Vitofali vya pevingi vinatengenezwa hapa hapa, na saruji tunayo kutoka kiwanda cha Dangote cha Mtwara, hivyo bei si ya kutisha ukilinganisha na mikoa ya mbali. Weka kwenye njia ya gari na mbele ya ngazi. Ukivifunika uwanja wote umefanya mambo mawili: umepika uwanja, na umemtupia jirani wa chini maji yote ya mvua. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani hii, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika upande wa Kilwa. Mvua ya namna hiyo inapokuja, kila uwanja unaozamisha maji yake wenyewe ni msaada kwa mtaa. Vitofali vyenye matundu, matundu yakajazwa mchanga au ukoka, ni nafuu kuliko vilivyobana.

Nyumba ya mteremkoni

Lindi mjini watu wamejenga vilimani, na mteremko hauhitaji uwanja wa kupendeza kabla ya uwanja wa kushika. Mchanga wa kufagia hapo ni kosa, mvua mbili tu na udongo uko barabarani. Panda vetiva, nyasi ndefu za mashada, kwa mistari inayokata mteremko, shina kwa shina, nafasi ya sentimita 10 hadi 15. Mizizi yake inashuka wima hadi mita mbili na zaidi, haitambai, na ikishashika haihitaji kumwagiliwa. Mchaichai unaweza kusaidia kwa mistari mifupi na chai ukapata, ila mizizi yake haiendi chini kiasi hicho. Kati ya mistari panda kunde au matembele.

Mti kabla ya vyote

Kama hela inatosha kitu kimoja tu, nunua mche. Kivuli ndicho kinachofanya uwanja wa huku ukalike, na chini ya kivuli hata mchanga mtupu una raha. Mwembe ni chaguo la kwanza kwa uwanja mkubwa: kivuli chake hakikatiki mwaka mzima, majani yake makavu ni matandazo ya bure, na unaishi kuliko aliyeupanda. Unataka nafasi, usiupande karibu na ukuta. Mkungu unakua haraka zaidi, matawi yake yanalala kama dari, unavumilia chumvi, na watoto wanapasua kungu wakala. Lakini unapukutisha majani makubwa mekundu kwa wingi, hivyo mwenye kufagia ajiandae, na mwenye gata azisafishe. Kwa ufukweni ningechagua mkungu. Kwa bara, Naliendele, Mangamba au Mtama, ningechagua mwembe.

Mwarobaini unavumilia ukame kuliko wote hawa, ila unajipandikiza kila mahali na mizizi yake inatafuta unyevu, kwa hiyo uwe mbali na tangi la chini na shimo la choo. Mlonge unakua haraka kwenye kichanga na mboga yake ni nzuri, ila kivuli chake ni chepesi. Uupande kama wa kusubiria wakati mwembe unakua. Mnazi karibu na anapochezea mtoto hapana, wala juu ya paa la bati.

Mkorosho utaulizia tu, maana ndio mti wetu. Uwanjani simshauri mtu kuupanda. Matawi yanashuka hadi chini, na Juni hadi Agosti unataka kupuliziwa salfa na dawa nyingine, jambo lisilofaa dirishani kwa watu. Kama tayari upo kwenye kiwanja ulichonunua, usiukate. Pogoa matawi ya chini uupe umbo la mwavuli.

Matandazo ya kufunika ardhi chini ya mti yako tele: makumbi ya nazi, makuti yaliyochakaa, pumba za mpunga, majani makavu. Maganda ya korosho mabichi kutoka kwa wabanguaji usiyatandaze kamwe. Yana mafuta yanayobabua ngozi, na wote tumeona mikono ya akina mama wanaobangua bila glavu.

Kiwanja cha 20 kwa 20

Mita za mraba 400, nyumba imekula kama 120. Zimebaki 280. Mimi ningezigawa hivi. Utepe wa kokoto chini ya paa pande zote. Njia ya gari ya vitofali vyenye matundu. Mbele, mwembe mmoja, na chini yake mchanga wa kufagia wenye nafasi ya viti ishirini. Uani, karibu na jikoni, matembele kwa maji ya vyombo, na mpapai au mlimao mmoja. Sehemu iliyobaki, pembeni ya ukuta, njugu mawe au kunde wakati wa mvua, na mahali pa kuanikia kiangazi. Nyasi hakuna, au kipande cha ukoka cha mita tatu kwa tatu kwa ajili ya mtoto anayejifunza kutembea.

Paa hilo la mita 120, kwa mvua ya milimita 1,000, linapokea lita 120,000 kwa mwaka. Hata zikipotea nyingi kwa kufurika na kuvuja, tangi la lita 5,000 lililowekewa gata na kujaa mwishoni mwa Aprili linatosha kulea mche mmoja wa mwembe na tuta la mboga hadi mbali ndani ya kiangazi. Linganisha na lita 2,500 kwa wiki za nyasi: tangi hilo hilo lingekwisha ndani ya siku 14.

Mpangaji asiyetaka kuwekeza kwenye nyumba ya mtu afanye mchanga, matembele na kunde. Marando ataondoka nayo. Mwenye nyumba ya wageni Mikindani anayeogopa kwamba mgeni atataka nyasi, amwekee mkungu, mlakasa na viti vya kamba kivulini. Mgeni amekuja kutafuta pwani. Nyasi kaziacha kwao.

Lini kufanya nini

Oktoba chimba shimo la mti, futi mbili kwa futi mbili, ulijaze samadi iliyooza iliyochanganywa na udongo wa juu, uliache. Gata na tangi viwe tayari kabla ya Desemba. Mvua zikishika kweli, udongo umelowa hadi kiwiko, ndipo upande mche, na wiki hiyo hiyo marando, kunde, vipingili vya mlakasa au vetiva. Machi tandaza makumbi kuzunguka mche, yasiguse shina. Mei mvua zikikatika, zika mtungi wa udongo usiopakwa rangi kando ya mche, shingo ikiwa juu ya ardhi, uujaze maji na kuufunika. Maji yanapenya taratibu ukutani mwa mtungi hadi kwenye mizizi, na unajaza mara moja au mbili kwa wiki badala ya kumwagilia kila jioni. Fanya hivyo viangazi viwili vya mwanzo. Mvua za Desemba zikichelewa, subiri Januari, hata Februari mapema. Aprili usipande mti, kwa sababu utaingia kiangazi mizizi ikiwa bado ndani ya udongo wa kitalu.